Kishikwambi Kilichopiga Yowe

Simu ya Mzee Baltazari iliita mpaka ikakata. Binti yake Nyamburi akapiga tena. Alikuwa anavuka barabara ya Mukendo, Musoma mjini, siku ya Jumamosi, watu wamejaa kama mnadani, na hakuona bajaji wala pikipiki, wala lori la soda lililokuwa linarudi kinyumenyume likimfuata yeye. Aliona kioo cha simu tu, na jina lililoandikwa "Baba".

Mkono ukamdaka kwenye kiwiko ukamvuta. Lori likapita palepale alipokuwa amesimama, na upepo wake ukaondoka na mtandio wake.

"Dada! Unataka kufa na vocha imejaa?"

Mwenye mkono aliitwa Mugeta, muuzaji wa duka la simu na vishikwambi lililokuwa pembeni hapo. Shati lake la bluu lilipigwa pasi kiasi kwamba ule mkunjo wa mkononi ungeweza kukata nyanya. Na Nyamburi? Sketi nyeusi ya kazini, blauzi nyeupe, na macho makubwa ambayo ukisimama mbele yake unajiona ndani yake mzima, mpaka viatu. Mugeta alijiona humo, akasahau kumwachia kiwiko.

"Baba hapokei," Nyamburi alisema.

Mugeta akamwingiza dukani, akampa kigoda na maji. "Labda amelala."

"Hulijui jambo lenyewe, kaka. Anakaa peke yake Butiama, na masikio yamemchoka. Mwaka jana alianguka zizini, akalala chini mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Tangu siku hiyo, nikipiga asipopokea, mimi naonaga jeneza. Naliona kabisa, na misumari yake."

Simu ikaita mkononi mwake. Ni baba.

"Nani anapiga?" sauti ilinguruma.

"Ni mimi, baba! Nyamburi!"

"Nyamburi hayupo. Yuko Musoma." Akakata.

Nyamburi akacheka huku machozi yanatoka, na hapo ndipo Mugeta alipokwisha.

"Nataka kishikwambi," Nyamburi alisema, anajifuta machozi. "Kioo kikubwa, baba aone mdomo wangu ninavyosema, nami nione kama anapumua. Ila mshahara wangu ni wa mapokezi ya nyumba ya wageni pale Makoko, usije ukaniua."

Sasa sikilizeni. Kuna maswali ambayo Mugeta alikuwaga anamuuliza kila mteja, hata awe ametoka usingizini. Nani atakishika? Umeme upo? Intaneti itatoka wapi? Mfuko unasemaje? Siku hiyo, mbele ya macho yale, aliuliza swali moja tu.

"Dada, una mtu?"

"Nimekuja kununua au kununuliwa?"

"Nauliza tu, kwa ajili ya huduma bora."

"Sina."

Mugeta akashusha kutoka rafu ya juu kabisa kishikwambi cha rangi ya dhahabu, chembamba kama chapati ya mgeni, akampunguzia bei mpaka mwenye duka huko aliko akapiga chafya. Nyamburi alikwenda nacho Makoko, akakiunga kwenye waifai ya wageni, kikafanya kazi kama kimelogwa kwa uzuri. Jioni ile aliipokea simu ya Mugeta humohumo.

"Huduma kwa mteja hapa. Kifaa kinaendeleaje, mama?"

"Kifaa kizima. Muuzaji ndiye sijui."

"Muuzaji hajala tangu ulipoondoka."

"Basi njoo ule sato, usije ukafa nikadaiwa."

Akaja. Akaja tena. Wakala sato wa kuchoma pembeni ya ziwa, vidole vikakutana kwenye pilipili, na kabla mwezi haujaisha walikuwa wanaitana "mpenzi" mpaka viboko majini wakawa wanageuza vichwa kuangalia pembeni. Lakini kila Mugeta alipoanza kusema habari ya ndoa, Nyamburi alitazama simu yake.

"Mpaka nijue baba yuko salama, Mugeta. Nikiolewa na usiku na mchana nikaona jeneza, utakuwa umeoa mwanamke gani?"

Jumapili akapeleka kishikwambi Butiama. Akawasha hotispoti ya simu yake, akampigia Mugeta, mzee akaona uso wa kijana umejaa kiooni.

"Huyu mwembamba ni nani? Anaumwa?"

"Ni rafiki yangu, baba!"

"Mpe maziwa!"

Kila kitu kikafanya kazi. Nyamburi akambusu baba yake, akarudi Musoma na moyo mwepesi. Hotispoti nayo ikarudi Musoma, ndani ya mkoba wake.

Jumatatu akapiga. Kimya. Akapiga ile simu ndogo ya zamani. Kimya. Akapiga mpaka kidole kikapata joto, na jeneza likaja, likasimama pale mapokezi kama mgeni anayesubiri ufunguo. Nyamburi akatupa daftari la wageni, akapanda pikipiki mpaka Makutano, akadaka gari la Butiama, na njia nzima moyo wake ulipiga kiasi kwamba mama aliyekaa jirani yake alimwomba ampunguzie redio.

Alimkuta Mzee Baltazari amekaa kibarazani na povu la sabuni kidevuni, wembe mkononi. Kishikwambi cha dhahabu kilikuwa kimeegemezwa kwenye nguzo mbele yake, cheusi tii.

"Kioo kizuri, mwanangu," alisema. "Kinaonyesha mpaka nywele za puani."

Nyamburi alikaa chini akalia. Halafu akampigia Mugeta.

"Umeniuzia kioo cha kunyolea!"

"Mpenzi, weka laini, ujaze bando..."

"Niweke wapi? Niambie, Mugeta, niweke wapi? Kitu hiki hakina tundu la laini! Ni cha waifai tu! Butiama kwa baba yangu waifai iko mti gani?"

Ng'ombe akalia upande huu.

"Nilisahau kuuliza," Mugeta alisema.

"Kama nina mtu ulikumbuka kuuliza! Sasa sikiliza. Wiki hii naacha kazi narudi huku kukaa na baba. Na wewe tafuta mwenye macho mengine umuuzie urembo. Usinipigie."

Ndugu zangu, woga wa Nyamburi mnaujua. Sasa ilikuwa zamu ya Mugeta. Alikaa dukani anatazama vishikwambi vinavyong'aa, na kila kimoja kilimwonyesha sura ya mtu anayeachwa. Mwishowe akajiuliza yeye mwenyewe yale maswali, polepole, kama mteja mgumu. Nani atakishika? Mzee mwenye mikono ya jembe, kitaanguka. Umeme? Hukatika, betri iwe ya kuvumilia. Intaneti? Laini, laini, laini. Masikio? Spika ya kanisani. Uzuri? Hapana kazi nao. Bei? Iwe ndogo, kwa sababu Nyamburi alikuwa amekituma kile cha dhahabu dukani, na fedha zake Mugeta alizirudisha kutoka mfukoni mwake.

Rafuni hakikuwepo. Akasikia kwamba Bunda, mtaa wa Manyamanyama, karani wa pamba aitwaye Dorotea anauza chake alichotembea nacho mashambani. Akaenda. Dorotea akakitoa chini ya gunia: kinene kama Biblia ya familia, kava la mpira mweusi, kona zimetafunwa.

"Mama, mbona kibaya hivi?"

"Sikuuzii ukaoe nacho. Kilianguka kutoka juu ya lori la pamba, lori likakikanyaga, kikaniambia betri bado nusu."

Mugeta akacheka, akalipa kiasi ambacho hakikufika hata nusu ya kile cha dhahabu, akaweka laini, akaenda Butiama peke yake. Kumkabili baba wa mwanamke aliyekuacha, bila mshenga, ukiwa umebeba kitu kibaya vile, ni safari ambayo magoti yanatangulia kurudi.

"Ni yule mwembamba!" Mzee Baltazari alisema. "Maziwa ulikunywa?"

Mugeta akamweleza kwa kupiga kelele, na kwa mikono. Wakajaribu milio. Wimbo wa kwaya: mzee anatafuna muhogo. Jogoo: anatafuna. Ngoma, king'ora, kengele: muhogo ukaisha.

"Mzee, ni sauti gani wewe utaisikia?"

Mzee alifikiri. "Yowe. Yowe nitalisikia hata niko kaburini."

Huko Butiama, kama hamjui, yowe likipigwa halina mjadala. Anayelisikia analipokea, naye anapiga lake, anachukua alichonacho na kukimbilia lilikotoka. Iwe wizi wa ng'ombe, iwe moto, iwe fisi. Kwa hiyo ilibidi walirekodi kwa hila, kijiji kisilisikie. Wakamwita jirani, Mama Boke, mwenye koo ambalo inasemekana lilishawahi kupasua chungu kikiwa bado sokoni. Akaingiza kichwa ndani ya ndoo ya plastiki, wakamfunika blanketi mbili, akapiga yowe, kishikwambi kikanasa. Ndoo ilipata ufa, lakini kijiji hakikusikia kitu.

"Basi," Mugeta akasema, "hili ndilo litakuwa mlio." Akaaga, akamtumia Nyamburi ujumbe: *Mpigie baba kwa namba hii. Nisamehe.* Akaanza kutembea kwenda barabarani.

Nyamburi alikuwa mapokezini Makoko, siku ya mwisho ya kazi, mfuko wake umefungwa. Alisoma ujumbe akavimba. Alitaka kuufuta. Lakini mkono wa mtu mwenye hofu haumsikilizi mwenyewe. Akapiga, kwa picha.

Inaita. Hakuna anayepokea.

Akapiga tena. Inaita. Hakuna.

Jeneza likaingia mlangoni.

Mara ya tatu, kioo kikafunguka, na aliyekuwa kiooni hakuwa baba. Alikuwa Mugeta, jasho linamtiririka, anahema.

"Nyamburi! Nimesikia yowe la kishikwambi nikiwa njiani, halipokelewi, nikarudi mbio, baba yako hayumo ndani..."

Mkono mkubwa ukatokea nyuma ukamkamata shingo. Kishikwambi kikaanguka chini. Nyamburi akaona mawingu, na ncha za mikuki zinapita juu ya mawingu, na akasikia miguu, mbwa, na sauti za watu wengi.

"Nani huyu?"

"Simjui! Nimemkuta ndani!"

"Mzee yuko wapi? Umemfanya nini mzee?"

"Mimi... yowe ni langu, nililiweka mimi..."

"Umepiga yowe baada ya kuua?"

Kitu kikapiga kitu. Mugeta akaguna. Nyamburi aliita, "Mwacheni! Jamani, mwacheni!" lakini nani atasikia sauti ya binti wa mapokezi katikati ya watu wenye hasira? Baba hayupo, Mugeta anauawa, na yeye yuko Makoko anatazama mawingu. Hofu ilipanda kutoka kwenye nyayo, ikapita magotini, ikapita tumboni, na ilipofika kooni haikukuta neno.

Nyamburi akapiga yowe.

Hakuwa amepiga yowe tangu utotoni. Lilitoka refu, la Butiama halisi, lile la ng'ombe wameondoka. Kule Makoko wavuvi waliacha nyavu wakachukua makasia, na mgeni wa chumba cha pili akatoka na sabuni kichwani na taulo. Na kule Butiama, ile spika iliyozoea makelele ya mashamba ya pamba ililitoa lote, halikupungua hata nywele. Wanaume wakaganda na marungu hewani. Yowe linatoka ardhini! Mbwa mmoja, wanasema, alihama kijiji siku hiyo, hajarudi mpaka leo.

Pakawa kimya. Na ndani ya kimya kile, kutoka nyuma ya nyumba, yowe jingine likajibu, dogo, limekauka, la mzee.

Walikimbia. Mzee Baltazari alikuwa ndani ya shimo la choo. Choo kipya, bado hakijatumika, msiniharibie hadithi. Alikuwa amekwenda kulikagua, ukingo ukameguka, mguu ukapinda, akaita mpaka sauti ikaisha. Yale mayowe ya kishikwambi aliyasikia, akayapokea kila mara, lakini watu walikuwa wanapiga kelele za kumtafuta muuaji wake.

Wakamtoa kwa kamba za ng'ombe. Jambo la kwanza alilosema ni, "Huyo mwembamba mwachieni. Hana nyama ya kupiga."

Mama Boke, aliyefika wa mwisho kutoka kisimani, akaokota kishikwambi, akakipangusa vumbi kwa kanga. Hakikuwa na ufa. Akakiweka mbele ya mzee, na Nyamburi akamwona baba yake, udongo mpaka kwenye kope, anapumua.

"Nimekusikia, mwanangu," Mzee Baltazari alisema. "Miaka mingi sijakusikia vizuri hivi."

Nyamburi alilia, na jeneza likatoka mlangoni bila kuaga. Halafu Mugeta akasogezwa kiooni, shati la bluu halina tena mkono wala mkunjo, mdomo umevimba, kundi zima la mikuki nyuma yake. Aliogopa kuliko wakati ule anashikwa shingo.

"Nyamburi," alisema. "Safari hii naomba niulize maswali yote. Nikileta ng'ombe kwa baba, utanikubali? Utaniruhusu tuje kumwona kila Jumapili? Na... una mtu?"

Kule Makoko wavuvi walikuwa wamesimama na makasia, na mgeni wa taulo amesahau sabuni machoni. Nyamburi alijifuta pua kwa mkono wa blauzi.

"Ninaye," alisema. "Ndiye huyo mliyempasua mdomo. Nimekubali."

Aliyasema kwa sauti yake ya kawaida. Mzee Baltazari akaweka kiganja sikioni, akamgeukia Mama Boke.

"Amesema nini?"

Na Butiama yote iliyokuwa pale, mikuki mkononi, ikamjibu kwa yowe.