Kikombe Kitupu Nilichokidharau

Nina miaka arobaini na mbili, mama wa watoto wawili, Nekesa na mdogo wake, karani wa ofisi pale Kajiado, na ni mjinga. Mtanisamehe kwa neno hilo... nimetafuta lingine nikakosa.

Mume wangu Wafula alikuwa fundi wa mawe kwenye machimbo ya hapa Kitengela. Jiwe la kujengea ambalo vijana wawili hulisukuma, yeye alilibeba begani akipiga mluzi. Halafu nyundo ikaanza kumponyoka. Tukacheka! Akaanza kujikwaa mlangoni, tukasema ni uchovu. Daktari wa Nairobi ndiye alituambia ukweli: neva zinazoituma misuli zinakufa moja moja, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Akatutuma kliniki moja Kajiado kwa mazoezi ya viungo. Huko tulimpata Nasieku, msichana wa Kimaasai ambaye ningeweza kumzaa. Mimi nilitarajia vyuma na jasho. Wapi! Alimnyoosha vidole kimoja kimoja, akamkunja kiwiko polepole, kisha akamwekea kikombe kitupu mezani. Akipeleke mdomoni mara tano, apumzike, arudie. Akihisi kuchoka, aache hapo hapo. Na akiamka kesho yake bado amechoka, tujue tumezidisha.

“Mkono wa kushoto umeshatutoroka, mzee,” alimwambia. “Huu wa kulia tuutunzie ugali. Usiupe kazi nyingine.”

Nikabinua mdomo. Yaani nimeomba ruhusa kazini nije kutazama mwanaume mzima akiinua kikombe kisicho na chai?

Lakini Wafula alitii. Kila asubuhi, kikombe. Na jioni alikula ugali kwa mkono wake mwenyewe, matonge madogo madogo, akimaliza wa mwisho. Hakuruhusu mtu amsaidie. Alisema bora tu anajilisha, yeye bado ni baba wa hii nyumba.

Ndipo akaja shemeji yangu Barasa, kaka mkubwa wa Wafula, mwalimu wa michezo mstaafu ambaye tumbo lake huingia nyumbani kabla yake. Alipoona kikombe alicheka mpaka akakohoa. Ati misuli huamshwa na kazi! Ati watu wa hospitali wanamfanya ndugu yake mtoto! Akaleta wanaume wawili kutoka machimboni, wakachonga jiwe dogo la kushikwa kwa mkono mmoja, wakaliweka kwenye veranda. Wafula aliinue kila siku.

Nami nikakubali... Kwa nini? Kwa sababu nilichoka kuhurumiwa. Kwenye kundi la familia la WhatsApp walikuwa wakiniuliza habari zake kwa sauti ya matanga. Barasa alipotuma video ya Wafula akiinua jiwe hadi magotini, amina zikamiminika! Watu ambao hawakuwa wamepiga simu mwaka mzima wakakumbuka kumbe wana ndugu. Wamama wa kanisa walionitazama kama mjane wakaanza kuniomba ushuhuda. Nikanogewa! Kila Jumamosi, video.

Wafula aliniambia mkono unatetemeka hadi kesho yake. Nikamjibu, aibu iliyoje, kwamba hizo ni nguvu zinarudi. Na Nasieku alipouliza mbona sasa anaangusha kikombe, nilijibu kwa niaba yake. Nikasema alilalia mkono vibaya.

Jumamosi hiyo jiwe lilitakiwa lifike kifuani. Akaliinua, uso umepauka, akaliweka chini. Nikatazama simu... sikuwa nimebonyeza.

“Rudia, Baba Nekesa. Haikurekodi.”

“Mama Nekesa, nimechoka.”

“Mara moja tu. Watu wanangoja.”

Alinitazama kidogo, kisha akainama. Jiwe lilifika kifuani, nikasikia bega likilia, jiwe likaanguka. Bega lilikuwa limetoka mahali pake. Na mnajua mimi nilifanya nini jioni hiyo, baada ya hospitali? Nilikata kipande cha mwisho cha video nikaituma. Amina!

Barasa aliondoka Jumatatu. Ati ng'ombe wake wanaumwa! Hadi leo hajapiga simu, mwoga yule.

Bega lilirudishwa, mkono ukafungwa kitambaa wiki kadhaa. Ulipofunguliwa haukuwa na nguvu tena. Nasieku hakunifokea. Alisema ugonjwa ungeufikia mkono huo siku moja, hilo hakuna ambaye angelizuia. “Lakini huo muda ulikuwa wake, mama,” akasema.

Siku ya kwanza kumlisha, Wafula alifumba mdomo hadi ugali ukapoa. Kisha akaufungua.

Wewe uliye na mgonjwa wa namna hii, nakusihi. Anayekwambia pumzika, msikilize, hata kama ni mtoto mbele yako. Kitu unachokiona cha kipuuzi ndicho kimebaki, kitunze. Hao wanaopiga makofi kwenye simu hawatakuja kushika tonge. Na usiwe kama mimi, niliyemuuza mume wangu kwa amina za watu nisiowaheshimu hata!

Kikombe bado kiko mezani. Kila asubuhi nakizungushia vidole vyake, nashika juu ya mkono wake, tunakipeleka mdomoni pamoja, mara tano. Yeye hutazama ukutani. Ulimi wake nao umeanza kuwa mzito, lakini jana alisema kitu nikakisikia vizuri.

“Mama Nekesa, usirekodi.”

Simu haikuwa hata mkononi mwangu.