Timu ya Nyuma ya Ukuta

Jumatatu ilikuwa siku ya mashuka. Hoteli mbili na zahanati moja zilileta mashuka yao kwa Mama Ngongoti. Aliyafua, akayasuuza, akayaanika kwenye kamba sita nyuma ya nyumba. Kamba zile zilipakana na ukuta mrefu. Nyuma ya ukuta kulikuwa na uwanja wa mpira wa wavu wa chuo kikuu.

Siku hiyo mpira ulivuka ukuta mara tatu. Mara ya tatu ulitua katikati ya beseni, chubwi! Povu likamrukia Mama Ngongoti usoni.

"Samahani, mama!" Sauti za wasichana zilitoka upande wa pili.

"Samahani haifui shuka!" alijibu, lakini alikuwa anacheka.

Akaufuta mpira kwa aproni. Akaurusha juu kwa mkono wa kushoto, akaupiga kwa wa kulia. Mpira ukavuka ukuta kama umetumwa. Upande wa pili msichana mmoja akauliza, "Jamani, nani kapiga huo?"

Mumewe aliona yote. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba.

"Mke wangu," alisema, "huo mkono ni wa kufulia tu?"

"Wa kufulia, na wa kukuchapa ukinisumbua. Rudi kazini."

Jioni binti yao alirudi kutoka chuoni. Alikuwa mwaka wa pili, na alichezea timu ile ile ya nyuma ya ukuta. Watu walimwita Ngongoti kwa sababu ya urefu wake. Tangu darasa la saba alikuwa anainama kupita mlangoni. Kwa kawaida aliingia nyumbani kwa kelele. Siku hiyo aliingia taratibu, akakaa juu ya furushi la nguo chafu.

"Una nini, mwanangu?" baba yake aliuliza.

"Timu yetu inataka kufutwa, Baba."

"Nani kasema?"

"Kamati ya michezo. Wanasema uwanja umechakaa. Nguzo zimeliwa na kutu. Tena hakuna mtu anayekuja kutazama. Tumebakiza mechi moja hapa nyumbani, Jumamosi ya wiki ya nne kuanzia hii. Baada ya hapo wataamua."

"Kwani watu hawaji kabisa?"

"Mechi iliyopita walikuja wanne. Wawili walikuwa wamekaa kivulini wanasubiri jua lipoe."

Fundi alitaka kucheka, lakini aliona macho ya binti yake. Mama Ngongoti alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nguzo ni kazi yangu," Fundi alisema. "Niachieni mimi."

Jumapili asubuhi Fundi alipakia mashine yake kwenye mkokoteni, na mabomba mawili mapya ya chuma. Aliingia uwanjani kwa geti dogo la nyuma. Hakumwambia mtu. Alianza kukata nguzo ya zamani, cheche zikaruka. Mara akasikia filimbi.

"Mwizi wa vyuma! Simama hapo hapo!" Alikuwa mlinzi wa chuo, anakuja mbio huku ameshika kofia.

"Mwizi gani anakuja na vyuma vyake?" Fundi aliuliza.

"Wajanja ndivyo wanavyofanya!"

Mlinzi alimshika mkono wa shati, akampeleka ofisi ya michezo. Afisa michezo alipigiwa simu, akafika. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyofika kabla yake. Alisikiliza maelezo ya Fundi mpaka mwisho.

"Baba," alisema, "unajua wavu wa wanawake unakaa urefu gani?"

Fundi alitazama dari. "Urefu wa… kawaida."

"Mita mbili na sentimita ishirini na nne. Ukikosea, refa hakubali mechi ianze. Na nguzo ikimwangukia mchezaji, nani atajibu? Hapa chuoni hakuna anayejua kwamba ulikuja."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilitaka kusaidia tu, dada yangu."

"Na msaada wako nautaka sana. Lakini msaada una mlango wake. Njoo ofisini, useme unaweza nini. Tutaandika. Tutakubaliana vipimo. Mhandisi wa chuo atakagua ukimaliza. Ukipita mlango huo, hata mlinzi atakushikia ngazi."

"Nitamshikia," alisema mlinzi. Bado alikuwa amelishika shati.

Walipokuwa wanatoka, Fundi alisimama ghafla ukumbini. Ukutani kulikuwa na picha ya zamani. Wasichana sita walikuwa wamebeba kombe. Wa katikati alikuwa amecheka mpaka macho yamefumba. Chini yake paliandikwa: Nahodha, "Radi".

"Huyu ni mke wangu!" Fundi alipiga kelele.

"Radi?" Afisa alishika mdomo. "Radi ni mke wako? Tumemtafuta miaka mingi! Barua zetu kwa wahitimu wa timu zinarudi tu. Yuko nchi gani?"

"Yuko nyuma ya ukuta wako. Anafua mashuka."

Fundi alirudi nyumbani akiwa na maneno mengi kuliko pumzi.

"Miaka ishirini na mbili ya ndoa! Uliniambia ulicheza kidogo. Kidogo! Na kombe umebeba!"

Mama Ngongoti aliendelea kupiga pasi. "Mambo ya zamani hayo, Baba Ngongoti. Yaache."

Kesho yake Afisa alibisha hodi mwenyewe. Alibeba mfuko mkubwa wa jezi. Alikaribishwa kiti katikati ya mafurushi.

"Mama, nimekuja kukualika," alisema. "Njoo uwanjani. Njoo na wenzako wa zamani."

Mama Ngongoti alitikisa kichwa. "Mwanangu, nakushukuru. Lakini niende nikaseme nini? Wenzangu niliosoma nao wana maofisi. Mimi nina beseni. Mhitimu akirudi chuoni anarudi na hundi kubwa, anapigwa picha. Mimi nitapigwa picha na nini? Na sabuni?"

Afisa hakucheka. Alifungua mfuko, akatoa jezi moja. Ilikuwa nyeupe zamani. Sasa ilikuwa na rangi ya chai, na namba ya mgongoni ilikuwa imebanduka nusu.

"Wasichana wanazifua wenyewe bwenini, kwenye ndoo, kwa dawa kali," alisema. "Jezi hizi ni za mwaka jana tu, mama. Beseni lako ndilo tunalolihitaji."

Mama Ngongoti aliichukua jezi. Aliinusa, akakunja uso. Mjuzi wa kazi hawezi kuona kazi imeharibiwa akanyamaza.

"Nani kawaambia watie dawa ya kung'arisha kwenye kitambaa hiki? Hii inageuzwa ndani nje. Inalowekwa maji baridi. Inaanikwa kivulini, na pasi haigusi namba!"

"Unaona?" Afisa alisema. "Hilo hakuna hundi inayolijua. Mhitimu si pochi, mama. Mhitimu ni mtu wetu. Mmoja analeta ujuzi, mwingine muda, mwingine anakaa kwenye benchi na kupiga makofi. Mchezaji akisikia jina lake linaitwa, anaruka juu zaidi. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Ngongoti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema taratibu, "Mama, mimi sijawahi kusikia mtu akiita jina langu uwanjani."

Maneno hayo yalimwingia mama yake. Alishusha pumzi, akatafuta simu.

Namba aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya mwenzake aliyeitwa Kifyatuo. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na tano.

"Kifyatuo? Ni mimi. Radi."

Simu ikalipuka kwa kicheko.

"Radi! Uko hai! Mimi nilidhani umekuwa mkurugenzi huko. Niliona haya kukupigia. Mwenzio nafuga kuku!"

"Mimi nafua nguo za watu!"

Walicheka mpaka wakalia. Kila mmoja alikuwa amemwogopa mwenzake bure. Kifyatuo alikuwa na namba za wengine wawili. Mmoja alikuwa muuguzi. Mwingine aliendesha lori. Mpaka jioni wanne kati ya wale sita wa kwenye picha walikuwa wamepatikana.

Alhamisi majirani walikutana na Afisa katika karakana ya Fundi. Walikaa juu ya mabomba na makopo ya rangi. Alikuwapo kinyozi, alikuwapo mwoka mikate, alikuwapo na mwalimu wa shule ya msingi. Mlinzi naye alikuja, kuhakikisha Fundi haendi uwanjani kinyemela.

"Chuo ni cha wasomi," alisema kinyozi. "Sisi kinatuhusu nini?"

"Wanafunzi wananyoa wapi?" Afisa alimuuliza.

"Kwangu."

"Mkate wanakula wa nani?"

"Wangu," alisema mwoka mikate.

"Basi ni majirani zenu. Na siku ya mechi, wageni wa timu nyingine watanyoa, watakula, watalala hapa hapa mtaani. Timu ikifa, na ninyi mmepungukiwa."

Kinyozi alijikuna kidevu. "Haya. Mimi nampenda yule namba saba. Nitamnunulia viatu."

"Asante, lakini hapana," Afisa alisema. "Ukimpa mmoja, watano wengine watajisikiaje? Timu itagombana. Tena kuna sheria za mashindano kuhusu zawadi kwa mchezaji. Kitu chochote kipitie ofisini, kipewe timu nzima, na wewe upewe karatasi ya kukiri tumepokea."

"Na refa akituonea?" aliuliza mwoka mikate. "Tumtukane kidogo?"

"Hata kidogo! Shabiki akitukana, timu ndiyo inaadhibiwa. Shangilia wa kwenu. Usimzomee mgeni. Na watoto wakae nyuma ya kamba, mpira wa wavu unauma."

"Naujua," alisema Mama Ngongoti. "Uliingia kwenye beseni langu."

Wiki zilizobaki zilikuwa za kazi. Fundi aliingia kwa mlango wa mbele, akiwa na kibali mfukoni. Alisimika nguzo, mhandisi akapima, zikawa sawa kwa sentimita. Mlinzi alishika ngazi kama alivyoahidi. Nguzo zilivikwa sponji ili mchezaji asijiumize. Mabaki ya chuma ya karakana yake yalitosha kutengeneza mabenchi manane. Mwalimu aliwafundisha wanafunzi wake kuhesabu pointi. Kinyozi alibandika tangazo la mechi kwenye kioo chake, kila mteja akalisoma akitaka asitake. Na jezi? Zilirudi nyeupe. Namba zilizobanduka zilishonwa upya.

Jumamosi ilifika. Muuguzi alipanga sanduku lake la huduma ya kwanza pembeni ya uwanja. Dereva wa lori alileta wahitimu kumi na wanane kutoka mji wa mbali. Kifyatuo alileta sauti yake, na ilitosha.

Mwenyekiti wa kamati ya michezo alichelewa dakika kumi. Alizunguka uwanja mzima. Mabenchi yote yalijaa.

"Jamani!" kinyozi aliita. "Mwenyekiti hana kiti!"

Uwanja mzima uliangua kicheko, na mwenyekiti mwenyewe alicheka. Alikaa kwenye nyasi, kati ya watoto wa shule, na mtoto mmoja akamweleza sheria za mchezo.

Mechi ilikuwa kali. Seti ya kwanza walichukua wageni. Ya pili ikawa ya wenyeji. Kila Ngongoti aliporuka wavuni, mtaa mzima uliita: "Ngo-ngo-ti!" Mara ya kwanza alishtuka, akakosa mpira. Mara ya pili aliupiga chini hadi vumbi likaruka. Mama yake alikuwa amesimama juu ya benchi, amesahau umri wake.

"Shuka chini, Mama Ngongoti, utavunjika!" Fundi alisema.

"Benchi lako si imara?"

"Ni imara!"

"Basi niache!"

Ilifika seti ya tano, ya kuamua. Wageni walishinda, kumi na tano kwa kumi na tatu. Mama Ngongoti akaanza kupiga makofi. Kifyatuo akafuata. Mabenchi yote manane yakasimama, yakapigia makofi timu zote mbili. Nahodha wa wageni alikuja kwa Afisa, jasho linamtoka.

"Hatujawahi kupigiwa makofi ugenini," alisema. "Tukirudi mwakani, mtakuwepo?"

Afisa alimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti alisimama, akapangusa nyasi kwenye suruali.

"Watakuwepo," alisema. "Timu gani inafutwa ikiwa na watu wote hawa? Ila mwakani mniwekee kiti."

Ngongoti alimrukia mama yake. Wote wawili wakaanguka juu ya Fundi, na benchi halikutikisika.

Watu walipoanza kutawanyika, Afisa alifungua daftari jipya mezani. Lilikuwa daftari la marafiki wa timu: wahitimu na majirani pamoja. Mama Ngongoti alishika kalamu. Aliandika jina lake, mwaka aliohitimu, na mbele ya neno "kazi" akaandika kwa herufi kubwa: DOBI.

Nyuma yake alisimama dada mmoja aliyevaa sketi ya ofisini. Alikuwa amehitimu mwaka uliopita. Alichukua kalamu, akafika kwenye "kazi", akasita. Alitazama mstari wa juu. Kisha akaandika polepole: Bado natafuta.

Mama Ngongoti alisoma, akamshika bega.

"Karibu, mwanangu. Wiki ijayo mazoezini tunahitaji mtu wa kugeuza namba kwenye ubao wa pointi na kuzitangaza. Una sauti?"

"Ninayo, mama."

"Hebu niisikie."

Yule dada aliangalia huku na huku. Akavuta pumzi, akaita jina la timu. Wachezaji wote uwanjani wakageuka.