Mke Mwenza wa Klabuni

Kinyozi alianza kurudi nyumbani akinukia asumini, na mkewe alijua harufu hiyo haitoki kwenye sabuni ya kunyolea.

"Klabuni ni wazee watupu, mama watoto," alijitetea. "Nani kati yao ajipulizie marashi?"

Lakini wivu haunyamazi. Alasiri moja mkewe alimfuata. Klabu ya sataranji ilikuwa jengo kuukuu kati ya makumbusho na bustani ya maua; wageni waliojaa mtaani kupiga picha walilipita bila kuligeukia. Wazee walikuwa barazani, wamebanana kwenye meza moja.

"Mume wangu yuko wapi?"

Mlinzi akateremsha sauti. "Chumba cha ndani, shemeji. Siku hizi hachezi na sisi. Na sisi hatuingii humo."

Alisukuma mlango. Kinyozi alikuwa peke yake mbele ya ubao, anatabasamu kama bwana harusi. Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

"Basi cheza na mimi!" mkewe akafoka, akajitupa kitini, na papo hapo akahisi joto, joto la mapaja ya mtu, likimpanda mgongoni, na ile asumini ikakolea mpaka ikawa kama maua yaliyoozea kaburini, na kete ya malkia ikateleza ubaoni bila mkono, polepole, na sauti ya kike ikamnong'oneza sikioni, "Mwenzangu, umenikalia."

Akazimia.

Mganga aliitwa. Alisoma, akafukiza, mpaka jini akapiga kelele kwa kinywa cha kinyozi: "Aliniomba mwenyewe! Alisema nyumbani hana wa kuongea naye!"

Maneno hayo yalimchoma mke kuliko hofu yote. Kisha dirisha likafunguka kwa kishindo, kukawa kimya.

"Ametoka," mganga alisema, akikusanya vitu vyake haraka mno.

Kinyozi akaacha klabu. Alishinda na mkewe jikoni, akimchambulia mboga, akimsifia nywele. Mke akajiona ameshinda. Jioni moja mumewe akamshika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Nilidhani wamekufukuza," akasema.

Mke alitaka kuuliza, nani? Kinywa chake kikawahi kujibu, kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao:

"Nilihama tu, mpenzi."

Kinyozi akacheka kwa furaha. Naye mkewe, ndani kabisa, asikoweza kupaza sauti, akabaki kumsikiliza mumewe akicheka na mwingine.