Bomba Linalouma

Bomba lilimuuma Mashair kwa mara ya kwanza alasiri, jua likiwa bado kali, ndiyo maana hakuogopa sana. Saa hizo Omdurman nzima imelala, watu pamoja na majini yao. Alikuwa ametoka uani kujaza mtungi, miguu mitupu, na alipoishika koki kitu kikamng'ata kiganjani na kupanda hadi kwenye kiwiko. Akaitazama koki. Haikuwa na mdudu wala ncha kali. Akazungushia mkono upindo wa vazi lake, akajaza mtungi, akanyamaza.

Alinyamaza kwa sababu alikuwa bado bibi harusi. Ameolewa kutoka Kassala, mbali na mama yake, na katika nyumba ya ukweni kitu chochote kipya huulizwa kwa aliyekuja mwisho. Tena mama mkwe wake, Hajja Sittana, alikuwa mwanamke wa kunusa maziwa kabla ya kumshukuru aliyemletea.

Jioni bomba likamuuma Hajja mwenyewe, akitaka kutawadha. Hakupiga kelele. Alisimama mkono ukidondoka maji, akamwangalia mke wa mwanawe.

"Nimeishi hapa tangu nilipoolewa," alisema polepole. "Bomba hili halijawahi kuniuma."

Mashair akasema labda ni umeme. Hajja hakubishana naye. Alikwenda mlangoni akaishusha swichi kubwa, nyumba ikawa giza, feni ikajizungusha kidogo na kusimama. Kisha akarudi uani akapapasa hadi kwenye bomba, akaigusa koki kwa ncha ya kidole, akakirudisha upesi.

"Umeme nimeuzima," akasema. "Haya, sasa niambie wewe, kinachouma ni nini?"

Mashair akaenda kutafuta mshumaa, na hilo likahesabiwa kuwa jibu.

Baada ya hapo mambo yakaingia ndani. Balbu ya sebuleni ilikuwa ikififia hadi kubaki wekundu tu, kama kaa la moto linalokufa, kisha ghafla inavimba kwa mwanga mweupe mpaka macho yanauma. Feni ilikuwa ikichoka kama mzee, halafu inaanza kuvuma utadhani inataka kung'oka darini. Friji liliguna mchana kutwa, likatoa harufu ya mpira unaoungua, likazima kabisa. Mutawakil, mume wa Mashair, aliyekuwa na duka la vitambaa sokoni, alibadilisha balbu zikapasuka, akabadilisha tena. Alikuwa mtu mwema, ila mama yake akikohoa, yeye ndiye aliyekunywa dawa.

Hajja aliona hakuna haja ya kumsumbua fundi kwa jambo asiloliweza. Jini, mpangaji asiyeonekana, hupewa maji ya chumvi kwenye kona ya nyumba, hilo kila mwanamke wa mtaa ule alilijua. Akachagua kona ya uani nje ya bafuni, palipokuwa na nondo ya chuma iliyochimbiwa ardhini na fundi zamani, waya umefungwa kichwani, nondo ambayo hakuna aliyewahi kuuliza kazi yake. Na wa kumwaga ni Mashair, bila viatu, kwa adabu. Aliyemleta mgeni ndiye anayemhudumia, alisema Hajja.

Mashair akamwaga, na balbu ikatulia.

Hilo ndilo lililomharibia. Kama maji yale yasingefaa, pengine wangejaribu jambo lingine. Lakini yalifaa, na kila ardhi ilipokaushwa na jua la Omdurman taa zilianza tena kuvimba, na Hajja akasema mgeni ana kiu, kamwagie. Mashair akaenda na kata yake. Kila alipoikaribia nondo alisikia nyayo zikitambaliwa na kitu kama siafu, na siafu hao walizidi kadiri alivyosogea. Hajja alisimama kando yake na mitalawanda yake ya mbao, ambayo hakuivua tangu siku ile ya bomba, na hakusikia kitu chochote.

"Mimi hanigusi," alisema. "Wewe anakujua."

Mchana mmoja, nyuma ya pazia, Mashair alimsikia Hajja akiongea na Mutawakil. Sauti ilikuwa ya chini lakini maneno yalifika. Iddi ikiisha, msichana arudishwe kwao, kwa heri na kwa zawadi, bila ugomvi. Mutawakil alikaa kimya. Mashair alimpenda mwanamume yule, alimpenda hasa, na ukimya ule ulimuuma kuliko bomba. Siku hiyo akaanza kutafuta mtu mwingine wa kubeba lawama.

Hakulazimika kutafuta mbali. Ng'ambo ya ukuta aliishi Batul, mjane mnene mcheshi aliyeoka biskuti za Iddi kwa oveni ya umeme na kuuzia nusu ya mtaa. Kati ya nyua mbili palikuwa na kile kimlango kidogo cha wanawake, ambacho kila nyumba ya mtaa ule inacho. Hakibishwi hodi, hakifungwi, na huko ndiko hupita kahawa, sukari na habari za watu. Ni Batul aliyepita humo na bakuli la hina kumpaka Mashair siku yake ya kwanza, akimtania kuwa ana miguu ya kukimbilia na si ya kuolewa.

Mashair aliyekuwa akivizia taa kama paka anavyovizia shimo aligundua jambo. Harufu ilitangulia. Siagi na vanila vikipita juu ya ukuta, haukupita muda balbu ikavimba. Biskuti zikiisha, balbu ikashuka. Akalihakikisha, akalihakikisha tena, kisha akamwambia Hajja. Lilikuwa kweli tupu, na alijua litakwenda wapi.

Hajja Sittana alitoa nyundo siku hiyohiyo.

Alikipigilia kimlango misumari juu, kati na chini. Batul alisikia kelele, akaja upande wake.

"Sittana, kuna nini?"

Nyundo ikaendelea.

"Sittana, nimekosa nini, dada yangu?"

Msumari wa mwisho ulipozama, ile sauti ya ng'ambo ilikuwa imeshapoa.

"Basi," Batul akasema. "Biskuti zenu nitazileta mlango wa mbele, kama wanavyofanya wageni."

Mashair alikuwa jikoni akipepeta ngano. Alisikia kila neno. Hakutoka.

Lakini misumari haikusaidia kitu. Harufu ilipita juu ya ukuta kama kawaida yake, taa zikavimba kama kawaida yake. Sasa Hajja akawashuku Mashair na Batul wote wawili, kwamba mmoja anatuma na mwingine anapokea. Akamwita Sheikha Tahiya, mganga wa kupunga majini kwa ngoma.

Sheikha alikuja na ngoma yake, vyetezo vyake na wanawake wake wawili wa kuitikia. Walimketisha Mashair katikati ya sebule, wakamfunika kitambaa cheupe, wakafunga madirisha. Udi ukajaa chumba. Ngoma ikaanza taratibu, kisha ikakaza, na chini ya kitambaa Mashair alisikia jasho likimshuka mgongoni na moyo wake ukifuata ngoma bila ruhusa yake, na juu ya udi, au chini yake, au kutoka ndani yake, ikaja ile harufu ya siagi na vanila, na akajua kinachofuata, na kikafuata, mwanga ukapenya kitambaa ukawa mweupe kama maziwa, feni ikanguruma, wanawake wa kuitikia wakasahau kuitikia, na akaanza kuamini, kwa mara ya kwanza, kwamba huenda kweli kitu kile ni chake, kwamba alikibeba kutoka Kassala ndani ya sanduku lake la harusi na yeye ndiye wa mwisho kujua.

Ngoma ikanyamaza. Sheikha alikuwa anaangalia juu, si kwa Mashair. Balbu ya sebuleni iliwaka kama jua.

"Kinaomba nini?" aliuliza.

Hajja akasema kinaomba maji ya chumvi.

"Nimeuliza yeye mwenyewe anaomba nini. Ameomba nguo nyekundu? Pete? Ameongea kwa kinywa cha huyu msichana?"

Hajja akakiri kwamba hapana.

Sheikha alikivuta kitambaa. "Huyu si wangu. Majini wangu wana majina, Sittana. Nina Wahabeshi wanaotaka kahawa, nina Mzungu anayetaka kiti. Wanajua wamempanda nani na kwa sababu gani. Hiki kinamuuma yeyote aliyekikanyaga. Mwiteni mtu wa nguzo za umeme."

"Na huyu msichana je?"

"Huyu ana njaa tu. Mlisheni." Akanywa kahawa yake hadi fundo la mwisho, akachukua ngoma, akaenda zake.

Mtu wa nguzo alikuja kesho yake, mkesha wa Iddi, amekasirika kwa kutolewa nyumbani siku kama hiyo. Alipanda nguzo, akashuka, akazunguka uani, akasimama kwenye kona ya bafuni kuliko na weupe wa chumvi.

"Nani anamwaga hapa?"

Mashair akainua mkono. Yule mtu akamwangalia miguu, miguu mitupu, akapangusa jasho.

Akawaeleza. Umeme huja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ule wa kurudi ulikuwa umekatika juu ya nguzo, na ndio unaozitumikia nyumba hizi mbili. Umeme uliokosa njia ya kurudi hautulii. Unavutana baina ya nyumba, huyu akiwasha oveni, yule taa zake zinavimba. Na unatafuta njia nyingine, kwenye bomba, kwenye friji, kwenye ile nondo. Swichi kubwa haisaidii, kwa sababu inakata waya wa kuja tu, na wa kurudi unabaki umebeba wa jirani.

"Maji ya chumvi yalikuwa yanaufungulia njia ardhini," alisema. "Ndiyo maana taa zilitulia. Na huyu binti mlikuwa mnamsimamisha katikati ya njia hiyo. Mimi sijui kwa nini yuko hai."

Hajja Sittana alikaa kwenye kitanda cha kamba.

Yule mtu akaongeza kwamba ameuunga waya kwa mkono tu, kibanio chake hakuwa nacho, na baada ya Iddi watakuja kuufunga vizuri. Upepo mkubwa unaweza kuuchomoa. Taa zikivimba tena, wasiguse bomba, hata wakizima swichi kubwa. "Na jirani mwambieni leo. Laini ni moja na bomba la maji ni moja. Nimebisha kwake, hayupo."

Jioni ile Hajja alimpakulia Mashair kabla ya mwanawe, vipande vizuri vya nyama. Mashair alielewa kwamba hakuna atakayerudi Kassala, na kwa furaha akala mpaka mfupa wa mwisho. Batul alirudi usiku kwa mlango wake wa mbele, wakamsikia. Hajja alitazama misumari, akasema ataing'oa kesho, na hiyo kesho atamwambia yote kwa pamoja na kumtaka radhi. Mashair angeweza kwenda mwenyewe. Lakini angeanzia wapi, yeye aliyeichongea harufu ya biskuti? Akasema ndiyo mama, kesho.

Kesho ilikuwa Iddi, wageni wakajaa tangu asubuhi, wakaondoka alasiri. Karibu na magharibi upepo wa vumbi ukaanza kutoka jangwani, anga ikawa kahawia. Hajja alivua mitalawanda, ambayo sasa aliionea aibu, akaenda bombani kutawadha.

Harufu ikaja juu ya ukuta. Siagi na vanila.

Mashair aliiangalia balbu ya barazani. Ikavimba.

"Mama, usiguse maji."

Hajja alikuwa ameshanyoosha mkono. Akageuka na yale macho yake ya zamani, ya kunusa maziwa, na Mashair akadhani ataishika koki ili tu kumwonyesha. Lakini akaona mwanga, akaurudisha mkono kifuani.

"Njoo huku, binti yangu," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo.

Walisimama wameshikana barazani, vumbi likipita, na hapo ndipo wakasikia ng'ambo ya ukuta malapa ya mpira ya Batul, yale aliyoyavaa akioka na yaliyomkinga mpaka siku hiyo bila yeye kujua, yakija kwenye bomba lake kwa ajili ya sala hiyohiyo, na wote wawili wakaelewa kwa pamoja, wakakikimbilia kimlango wakipiga kelele Batul, Batul usiguse, na upepo ukayachukua maneno na kuyapeleka upande mwingine, na Hajja akaingiza kucha chini ya misumari aliyoizamisha mwenyewe, na Mashair akapiga mbao kwa mchi, na mbao zilikuwa nzuri, za zamani, hazikutikisika, na katikati ya pigo na pigo wakasikia malapa yakivuliwa, moja, kisha jingine, na Batul akisema bismillahi.

Koki ililia. Kitu kizito kikaanguka. Wakamwita tena, mpaka sauti zikakauka, huku Mutawakil akikimbia kuzungukia mlango wa mbele, ambao ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Maji hayakufungwa. Yalijaza ndoo, yakafurika, yakaanza kupita taratibu chini ya kimlango kuelekea miguu yao, na wote wawili wakarudi nyuma.