Chupa Isiyo na Mstari

Kila jioni baada ya shule, Tambo na binamu yake Kiroboto walibadili nguo na kukimbilia banda la Mjomba. Mjomba alikuwa fundi wa pampu za maji, lakini kwa miaka mingi alikuwa akiunda ndege ndogo ya kiti kimoja kwa mikono yake mwenyewe. Tambo alipewa kazi ya kupiga msasa mabawa. Kiroboto, aliye mdogo, ndiye aliyekabidhiwa tangi la mafuta. Kila alipolijaza, alichuja petroli kwa kitambaa, akafunga kifuniko, na asubuhi akafungua koki iliyo chini ya tangi na kukinga mafuta kidogo kwenye chupa. Maji ni mazito kuliko petroli. Yakiwamo, hukaa chini, na ndani ya chupa huonekana mstari kati ya hivyo viwili.

Tambo alimwonea kijicho. Mkubwa nani? Yeye. Aliyeanza kuja bandani nani? Yeye. Lakini wageni wakija, Mjomba humshika Kiroboto kichwani na kusema, "Huyu ndiye bibi mafuta wangu." Naye Tambo yupo papo hapo, vumbi la msasa hadi kwenye kope.

"Usinitolee macho hivyo, dada," Kiroboto alimtania. "Vumbi litakuingia."

"Ringa tu. Siku yako ipo."

Jioni ya kuamkia siku ya kuruka kwa mara ya kwanza, Kiroboto alijaza tangi, kisha akatoka mbio kuwasimulia wenzake. Tambo akaona kifuniko kimeachwa juu ya bawa. Tangi lilikuwa wazi, na juu yake bati la banda lilikuwa na tundu. Mkono ulimwasha akifunge. Akaurudisha mfukoni. "Kesho maji yataonekana kwenye chupa," alijisemea. "Mjomba amjue kipenzi chake."

Usiku mvua ilinyesha sana.

Asubuhi kifuniko kilikuwa mahali pake. Kiroboto alikinga chupa, akaiinua kwenye mwanga.

"Kuna mstari?" Mjomba aliuliza kutoka mlangoni, akifunga mkanda wa kofia yake.

"Hakuna, Mjomba. Safi."

"Hongera, bibi mafuta."

Tambo aliisogelea chupa. Kweli, hakukuwa na mstari. Kijicho kilimchoma upya: hata akikosea, huyu anasifiwa! Kisha akajiuliza, maji yote yale ya mvua yamekwenda wapi? Mjomba alikuwa tayari ameweka mguu mmoja ndani ya ndege. Tambo akachovya kidole, akanusa. Hakikunuka chochote.

"Mjomba, shuka," alisema. "Chupa yote ni maji. Ndiyo maana haina mstari."

"Mwongo! Ana wivu tu," Kiroboto alisema.

Mjomba alishuka. Alidondosha tone la chupa sakafuni, na kando yake tone la petroli kutoka kwenye jerikani. La petroli likakauka wakitazama. La chupa likabaki pale pale, linang'aa.

"Nani aliacha tangi wazi?"

Kiroboto aliinama. "Mimi. Nilikikuta kifuniko asubuhi, nikakirudisha. Nilidhani kama kuna maji, chupa itasema. Na mikono yangu inanuka petroli muda wote, sikusikia tofauti."

"Na mimi nilikiona jana," Tambo alisema, machozi yakimlengalenga. "Nikanyamaza ili umgombeze."

Kiroboto akamgeukia. "Uliona, dada?"

Mjomba aliketi juu ya gurudumu. "Injini ikinywa maji huzima. Ningekuwa juu ya mapaa ya watu. Mmoja alificha kosa lake, mwingine akalifurahia kosa la mwenzake. Nami nimeangalia chupa kwa mbali kama mtu anayepita njia. Hewani hakuna kosa la fulani peke yake, wanangu. Ukiona kosa, sema siku hiyo hiyo, hata kama mwenye kosa humpendi."

Siku hiyo ndege haikuruka. Walimwaga tangi lote, wakalikausha, wakaziba tundu la bati. Mjomba hakumnyang'anya Kiroboto kazi. Alisema tu kwamba kuanzia sasa chupa itapita mikononi mwa wote wawili.

Asubuhi ya kuruka ilipofika, Kiroboto alikinga mafuta, akayatazama kwa makini, kisha akamnyooshea Tambo chupa.

"Nusa, dada. Mimi siiamini pua yangu."

Tambo alinusa, akadondosha tone sakafuni, akangoja hadi likauke. Ndipo akampungia Mjomba mkono.