Breki ya Behewa la Mwisho

Haya yalimpata rafiki yangu Gavril, dereva wa treni ya mvuke iliyokuwa ikishusha magogo huku kwetu Maramureş, milimani kaskazini mwa Romania, na sasa inabeba watalii. Breki bado ni zile za kale: kila behewa lina mtu wake wa kuzungusha mpini. Honi moja, kaza, mbili, legeza.

Behewa la mwisho halikuwa na mtu, na mpini wake ulishang'olewa. Lakini kila Gavril alipopiga moja, lilikaza kuliko yote, mpaka treni ikakwama ndani ya handaki, giza totoro.

"Mpumbavu gani yuko huko nyuma?" alifoka.

"Hakuna mtu!" akacheka Simion, mchochea moto wake. "Ni horinka uliyokunywa asubuhi hiyo, pombe kali!"

Kituoni Gavril, kwa uchovu na hasira, alilitenganisha lile behewa na treni, akaliacha peke yake na kusogeza injini mbele.

"Haya, kaza tena, mwanaharamu!"

Akapiga moja. Ndani ya behewa chuma kikazunguka: krii, krii, krii.

Simion hakucheka tena. "Mpigie mbili, ndugu yangu. Mwache apumzike."

Gavril akapiga mbili. Chuma kikalegea polepole, kikanyamaza, kisha mlango wa behewa ukafunguliwa kutoka ndani.