Uso Mmoja Uliobaki

Mambo ya Ramlo hayakungoja giza. Yalianza mchana kweupe, mwaka wa tisini na sita, soko la Hadado limejaa watu. Alikuwa akimmiminia jirani yake Bishara maziwa ya ngamia, Bishara akafungua mdomo, meno yote nje, na Ramlo hakujua kama anacheka au anamgombeza. Akamtazama mwingine. Vilevile. Macho na pua vilikuwa mahali pake, ila maana yake imechotwa.

Kisha ikaja harufu ya moshi, kama kibuyu cha maziwa kinapofukizwa, na hakuna aliyewasha moto. Ndani ya kibuyu chake sauti ikasema, "Wanakusema wewe."

Watu wakaanza kumkwepa. Akiulizwa hili, anajibu lile. Wakinyamaza ili aondoke, haondoki. Maziwa yake yakawa yanachachia sokoni. Uso mmoja tu ndio aliobaki akiusoma, wa kaka yake Warfa, na huo aliushikilia kwa mikono miwili.

Mutiso, tabibu wa serikali kutoka Ukambani, alimsikiliza bila kumcheka. "Dada, kichwani kuna mahali panaposoma nyuso za watu. Pako panaumwa, na sauti pia zinatoka humo humo kichwani. Njoo hospitali Wajir. Dawa iko."

"Aboowe, utanipeleka?" akamwuliza kaka yake.

"Wallahi, abaayo, dada yangu. Alhamisi."

"Ameshapatana na Rage," kibuyu kikanong'ona. "Unapelekwa kwa fisi."

Rage wa Diff, mganga wa majini, alijulikana kote. Alikuwa akimfungia mgonjwa pamoja na fisi mwenye njaa, kwani husemwa fisi humwona jini na kumng'oa. Ramlo akakiziba kibuyu kwa kitambaa. Warfa amdanganye yeye? Huyu jini ni mchonganishi tu.

Alhamisi lori lilifika Wajir, likaipita hospitali, wala halikupunguza mwendo.

"Aboowe, tumepita!"

Warfa alitazama barabara. "Tunamchukua mtu huko mbele."

Diff walifika jua la utosi. Warfa mwenyewe, mwenyewe jamani, ndiye aliyemshika mkono, akamsukuma ndani ya boma la miiba na kuziba mlango. Fisi akainuka, mbavu nje, akaja polepole, akamnusa miguu, tumbo, shingo, na pumzi yake ilinuka moshi uleule wa kibuyu, na Ramlo akalia jina la kaka yake mara moja, mara mbili, mara kumi, huku akimwona kwenye upenyo wa miiba, amesimama, mikono nyuma, hasogei, mpaka mnyama akamrarua bega na Rage akapaza sauti, "Ametoka! Jini ametoka!"

Warfa akaja mbio, akamfunika shuka. "Umepona, abaayo?"

Ramlo akamtazama. Mdomo wazi, machoni maji. Anacheka? Analia? Hakujua. Hata uso huu ulikuwa umekwenda.

Walipopanda lori kurudi, harufu ya moshi ilikuwa imeshakaa kati yao.

"Mimi sikukudanganya," sauti ikasema.

Miezi yote ile Ramlo hakuwahi kuijibu. Sasa aliinamisha kichwa, akaijibu kwa upole.

"Kweli. Hebu niambie, huyu aliyekaa karibu yangu anataka nini?"